Wimbo Ulioitwa kwa Mwaka

Vijana wa kundi letu wakianza kutunga wimbo, ubishi huwa ni uleule: tutaje tulikotoka, au tuache? Wengine wanasema ukitaja vita utaambiwa unaleta siasa, bora kuimba mapenzi. Leo nataka tuutazame ubishi huo kupitia wimbo mmoja wa mbali, uliowakilisha Ukraine kwenye mashindano ya Eurovision mwaka 2016. Unaitwa "1944". Ni mwaka tu, basi.

Kwanza tuyajue mashindano yenyewe. Yalianza mwaka 1956 mjini Lugano, Uswisi, kwa nchi 7. Kila nchi inaleta wimbo mmoja, halafu nchi zinapigiana kura, na huruhusiwi kuipigia nchi yako. Kuna sheria moja inayogusa ubishi wetu: maneno ya wimbo yasiwe ya kisiasa.

Sasa, 1944 kulitokea nini? Crimea ni rasi kwenye Bahari Nyeusi. Watatari wa Crimea, ambao wengi wao ni Waislamu, waliishi pale kwa karne nyingi. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliiteka, na Mei 1944 jeshi la Kisovieti likamaliza kuikomboa. Hapo Stalin akawatuhumu Watatari wote kwamba walimsaidia adui. Wote, na vikongwe na watoto wachanga ndani yake, wakati maelfu ya vijana wao walikuwa wanapigana ndani ya jeshi lake mwenyewe. Alfajiri ya tarehe 18 Mei askari walianza kugonga milango. Familia zilipewa dakika chache za kufungasha. Kwa siku tatu, zaidi ya watu 180,000 walipakiwa kwenye mabehewa ya treni na kupelekwa mbali, wengi Uzbekistan. Maelfu walikufa njiani na katika miaka ya mwanzo, kwa njaa na magonjwa.

Ndani ya behewa moja alikuwamo mama mmoja na watoto wake. Mume wake alikuwa vitani, anaitetea serikali ileile iliyokuwa inaifukuza familia yake. Binti yao alifia njiani. Mama huyo ndiye bibi wa baba yake Jamala, mwimbaji wa wimbo huu.

Jamala, ambaye jina lake ni Susana Jamaladinova, alizaliwa mwaka 1983 huko Kyrgyzstan. Piga hesabu: miaka 39 baada ya ile treni, ukoo ulikuwa bado uko ugenini. Walitamani kurudi, lakini kwa Mtatari kununua nyumba Crimea ilikuwa haiwezekani. Mama yake Jamala ni Muarmenia. Basi wazazi wakaachana kwenye karatasi tu, ili mama anunue nyumba kwa jina la ukoo wake. Sisi wa kambini hatuhitaji kufundishwa nguvu ya karatasi.

Mwaka 2014 Urusi iliichukua Crimea, na Jamala akauandika wimbo. Beti aliziimba kwa Kiingereza, kiitikio kwa Kitatari cha Crimea, lugha ambayo ilikuwa haijawahi kusikika kwenye jukwaa la Eurovision. Ukraine ilipouchagua Februari 2016, wanasiasa wa Urusi walilalamika: hii ni siasa! Umoja wa Watangazaji wa Ulaya, wenye mashindano yao, ukaamua Machi kwamba si jina wala maneno yanayovunja sheria.

Ukiusikiliza vizuri, humsikii Stalin, huisikii Urusi, hata Crimea yenyewe haitajwi. Kuna wageni wanaofika nyumbani kwa watu, kuna ujana ambao mtu hakuupata. Mwaka umebaki kwenye jina la wimbo, na anayetaka kujua ataulizia mwenyewe. Kwangu mimi hilo ni jibu la nusu ya ubishi wetu. Kueleza yaliyoifika nyumba yenu ni historia yenu, haiwi siasa kwa sababu tu kuna mtu haimfurahishi.

Fainali ilikuwa Stockholm, tarehe 14 Mei. Majaji waliiweka Australia ya kwanza. Watazamaji wakaiweka Urusi ya kwanza. Ukraine ilikuwa ya pili kwa wote, lakini zilipojumlishwa kura ikaongoza: 534, Australia 511, Urusi 491. Na kuna jambo lililonishangaza zaidi ya ushindi. Watazamaji wa Urusi waliipa Ukraine pointi 10, na wa Ukraine wakaipa Urusi 12, ambazo ndizo za juu kabisa. Serikali zimenuniana, kumbe wananchi wamekaa sebuleni wanapigiana kura.

Wimbo haukuirudisha Crimea, tusidanganyane. Mwaka 2022 vita vilipopanuka, Jamala naye alikimbia na watoto wake wawili mpaka Uturuki. Lakini mimi niliye huku Afrika, bila wimbo ule, nisingeijua tarehe 18 Mei. Hiyo ndiyo kazi uliyofanya.

Kwenye vitambulisho vyetu wengi tumezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu tarehe nyingine haikupatikana. Siku tuliyotoka nyumbani mara nyingi haimo kwenye kitambulisho chochote. Bibi na babu zetu ndio wanaoikumbuka, na wanaondoka mmoja mmoja. Vijana wenzangu, waulizeni kwa adabu: ilikuwa mwaka gani, nani alikuwa nyumbani, mlibeba nini? Asiyetaka kusema msimlazimishe. Anayesema, andikeni, halafu ndipo tutunge.

Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, siku mtoto akiimba jina la kijiji chake jukwaani, msiwahi kuzima maiki. Msikilizeni kwanza mpaka amalize.