Hilary Ng'weno: Mhariri aliyelipa Kenya jarida la siasa

HILARY Boniface Ng'weno (1938-2021) alikuwa mhariri na mchapishaji kutoka Nairobi ambaye jina lake halitengani na historia ya majarida nchini Kenya. Alisoma Shule ya Upili ya Mang'u, kisha akaenda Marekani kusomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Hata hivyo, aliporejea nyumbani aliiacha sayansi na kushika kalamu. Muda mfupi baada ya uhuru akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation.

Mwaka 1973, yeye na mchoraji vibonzo Terry Hirst walianzisha jarida la Joe. Mhusika wake mkuu alikuwa mwananchi wa kawaida wa mjini, anayecheka ili asizidiwe na taabu za kodi ya nyumba, kazi na mshahara mdogo; maisha ambayo wakazi wa mitaa kama Kibera na Kawangware waliyafahamu vyema.

Februari 1975 alizindua The Weekly Review. Wiki chache baadaye, Machi 2, mbunge J.M. Kariuki alitoweka. Gazeti moja kubwa liliandika kwamba alikuwa Zambia, kumbe alikuwa ameuawa. Katika hali hiyo ya hofu, jarida hilo changa lilijipatia sifa kwa kuchambua siasa kwa kina na kwa lugha tulivu. Kwa miaka mingi, waliotaka kujua nani anapanda na nani anashuka serikalini walilisubiri kila wiki.

Uhuru huo ulikuwa na gharama. Gazeti lake la Nairobi Times, lililoanza mwaka 1977, lilielemewa na uhaba wa fedha. Mwaka 1983 alikiuzia chama tawala cha KANU, nalo likageuzwa kuwa Kenya Times. Wakosoaji walidai kwamba The Weekly Review nalo lilipunguza makali yake enzi za Rais Daniel arap Moi. Lilifungwa mwaka 1999.

Ng'weno aliingia pia katika televisheni, akaanzisha kituo cha STV. Mwaka 2007 alitoa The Making of a Nation, mfululizo wa filamu kuhusu historia ya Kenya.

Alifariki Julai 7, 2021, akiwa na umri wa miaka 83. Hadi leo, watafiti wa siasa za Kenya huyarejelea matoleo ya zamani ya The Weekly Review.