Makabila Yaliyokataa Kutoweka: Asali, Ngoma na Sikukuu za Meru na Embu

Mwaka 1925 kampuni ya Seeley, Service ya London ilichapa kitabu cha ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni, G. St. J. Orde-Browne, kiitwacho The Vanishing Tribes of Kenya. Makabila aliyoyahesabu kuwa yanatoweka ni Waembu, Wambeere, Wachuka, Wamwimbi na majirani zao wa miteremko ya Mlima Kenya. Miaka 93 baadaye, Ijumaa tarehe 1 Juni 2018, Sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa kitaifa katika uwanja wa Kinoru mjini Meru. Tarehe 1 Juni 2023, ikitimia miaka 60 tangu Kenya ipate serikali ya ndani, zamu ikafika kwa uwanja wa Moi mjini Embu. Waliotabiriwa kutoweka ndio waliokuwa wenyeji wa taifa zima.

Sikukuu za namna hii huja na hotuba zake. Mwanasiasa husimama na kusifu utamaduni uliofufuliwa; magazeti hutusimulia kuwa vijana wamekumbuka asili yao kwa siku tatu za mukimo, uji wa kibuyu na ngoma, kisha Jumatatu wakapanda matatu kurudi Nairobi. Nyuma ya maneno hayo mna dai kwamba karamu, kinywaji na ngoma za watu hawa zilikufa zamani, na kinachoonekana leo uwanjani ni maigizo. Silikubali dai hilo. Vitu hivi vilihama tarehe, vikahama mahali, vikabadilishiwa mwenyeji, lakini uzi haukukatika.

Orde-Browne mwenyewe si mtu wa kupuuzwa. Alitumikia Embu na Chuka katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza, na aliuliza mambo ambayo maofisa wenzake hawakujali kuyauliza. Kosa lake limo katika jina la kitabu na mtazamo uliolizaa. Embu ilishindwa kwa bunduki mwaka 1906. Meru ikawekewa kituo cha serikali mara baada ya hapo chini ya E. B. Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi. Aliyefika miaka hiyo alikuta jamii zilizotoka kunyang'anywa silaha, zilizopita katika njaa kuu ya mwisho wa karne ya 19, na sasa zinatozwa kodi. Akaona uchovu akadhani ni mauti. Mwaka mmoja baada ya kitabu chake kutoka alikuwa Tanganyika, Kamishna wa Kazi, mkuu wa idara iliyohusika na maelfu ya vijana waliokuwa wakiacha vijiji vyao kwenda kwenye mashamba ya mkonge.

Anayetaka kujua karamu za milimani zilisimama juu ya nini hana budi kusoma kitabu cha Charles Ambler cha 1988 juu ya Kenya ya kati katika karne ya 19. Ambler anaonyesha kwamba Embu, Mbeere, Tharaka na Meru zilikuwa zikilishana. Juu mlimani palikuwa na ndizi, viazi vikuu, nduma na maharagwe. Bondeni, kwenye joto la Mbeere na Tharaka, kulikuwa na mawele, mtama, mbaazi, kunde, mbuzi, na asali ya mizinga iliyotundikwa mitini. Sherehe ya mtu wa juu ilihitaji asali ya mtu wa chini, na mwaka wa ukame mtu wa chini alipanda mlima kutafuta ndizi. Kalenda ya sherehe nayo ilifuata ghala. Mavuno ya mvua ndefu yalipoingia, mnamo Julai na Agosti, ndipo palipokuwa na nafaka ya kulisha wageni, na ndipo tohara, arusi na ngoma za rika ziliporuhusiwa. Mwaka wa njaa sherehe ziliahirishwa, hakuna aliyeuliza kwa nini. Kwa hiyo tunapoona leo likizo ya shule ya Agosti ikijaa mikesha ya tohara na tamasha, tusidhani ni shule iliyouumba mwezi huo wa sherehe.

Chakula chenyewe kimebadilika kuliko kitu kingine chochote, na ajabu ni kwamba hakuna anayekililia. Mukimo unaopakuliwa sikukuu, wa viazi mviringo na mahindi, umetokana na mazao yaliyoenea sana wakati wa ukoloni. Uliotangulia ulikuwa wa ndizi mbichi na fiwi nyeusi, njahi. Chapati na chai ya maziwa viliingia pamoja na Krismasi. Watu walipokea, wakala, wakaita chao. Kama jamii inaweza kubadilisha sahani yake yote na ikabaki ileile, sioni kwa nini ngoma ikibadilisha uwanja iambiwe imekufa.

Kinywaji ndicho chenye mgogoro mkubwa zaidi, nami nitakaa hapo.

Pombe ya asali, uki, hutengenezwa kwa tunda la mvungunya, lile refu linaloning'inia kwa kikonyo kama kamba, ambalo huku huitwa muratina. Likiwa bichi ni sumu. Hupasuliwa, huchemshwa, hukaushwa juani, na likishatumika mara moja nyuzi zake hubaki na hamira ya pombe iliyotangulia. Asali huchanganywa na maji, tunda hutumbukizwa, kibuyu huwekwa karibu na moto, na baada ya siku moja au mbili kinywaji kimeiva. Kisha tunda hukaushwa tena na kutunzwa kwa sherehe ijayo. Asali haikuwa ya kulewea tu. Mahari ya Kimeru kwa desturi huwa na mtamba, fahali, kondoo jike, kondoo dume na chombo cha asali. Asali ikikosekana, wazee hawaoni kuwa ndoa imefungwa. Mzee anapobariki hupiga funda la uki na kulipuliza polepole kuwaelekea anaowabariki.

Wakoloni walipotunga sheria zao za pombe, kuanzia ile ya 1907, walipata msaada wa hoja kutoka kwa wazee wenyewe: kwamba zamani walikunywa wazee tu, na vijana kulewa ni uharibifu wa siku hizi. Justin Willis, katika Potent Brews, historia yake ya pombe Afrika Mashariki iliyotoka mwaka 2002, anatutahadharisha kuhusu picha hiyo. Iliwafaa wazee waliotaka kuendelea kuwatawala vijana wao, na iliwafaa maofisa waliotaka vibarua wasiolewa. Ni onyo zito, na nilipolisoma mara ya kwanza lilinikera, kwa sababu nililelewa nikiamini picha hiyohiyo. Sasa naliona lina haki nusu. Vijana wa karne ya 19 hawakuwa watakatifu, na amri inayorudiwa mara nyingi ni dalili kwamba ilivunjwa mara nyingi. Lakini utaratibu ulikuwepo. Nani amiminiwe kwanza, rika gani likae wapi, nani aondoke kabla ya kibuyu cha pili: haya yalijulikana, na aliyeyavunja alitozwa kondoo au mbuzi. Sheria ya kikoloni ilimpa chifu karatasi ya kibali na kumnyang'anya mzee kata ya kumiminia. Tangu hapo, swali la nani anywe na kwa sababu gani likawa la polisi.

Mkristo naye alitakiwa kuchagua. Waanglikana wa Kigari, Wapresbiteri wa Chogoria na Wamethodisti wa Kaaga walikataza pombe na ngoma kwa pamoja. Kijana aliyebatizwa alijikuta nje ya karamu zote alizozaliwa ndani yake, na baraza la wazee, Njuri Ncheke, lilikuwa karamu pia: aliyeingia alitoa mifugo na vyakula, vikaliwa na waliomtangulia. H. E. Lambert, mkuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930, yuleyule ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa utafiti wake wa lahaja za pwani na kwa Diwani ya Lambert, aliona kwamba bila Njuri utawala wake hauna miguu. Yeye na baadhi ya Wamethodisti walitafuta njia ya kumwingiza Mkristo katika baraza bila kumvunjia ubatizo. Aliyebeba mzigo wa jambo hilo ni Mchungaji Philip M'Inoti, mchungaji wa kwanza Mmeru wa kanisa hilo, aliyeandika kwa Kiswahili muswada wa Asili ya Wameru na Tabia Zao. Jeffrey Fadiman aliutumia katika utafiti wake, na Fadiman ndiye anayetajwa kila mahali. Nadhani mpangilio huo umepinduka. Fadiman anavutiwa mno na waganga na wachawi, hata jina la kitabu chake cha 1993 limewatanguliza. M'Inoti aliandika akiwa ndani ya nyumba, kwa lugha ambayo jirani yake wa Mombasa au Tabora angeisoma.

Kuna kitabu kingine kilichotangaza kifo. Mwaka 1959 Bernardo Bernardi, padre wa Consolata na mwanaanthropolojia, alichapisha The Mugwe: A Failing Prophet. Mugwe alikuwa mtu wa baraka miongoni mwa Wameru. Nguvu yake ilikaa katika mkono wa kushoto, ambao aliuficha watu wasiuone na kuutumia kwa kubariki tu. Rodney Needham aliuandikia mkono huo makala nzima mwaka 1960. Bernardi aliona kwamba Mugwe anashindwa: vijana hawamwendei, serikali haimhitaji, kanisa limemchukulia kazi. Lakini kitabu kilipochapwa upya nchini Kenya mwaka 1989, Mugwe wake hakuitwa tena nabii anayeshindwa, aliitwa nabii anayebariki. Namheshimu Bernardi kwa hilo kuliko kwa kurasa zote za toleo la kwanza. Ni mwandishi adimu anayeikubali historia imsahihishe hadi kwenye jalada.

Vita vya Mau Mau, miaka ya 1952 hadi 1960, navipita haraka. Amri za kutotoka nje na vijiji vya kulazimishwa vilizima ngoma za usiku kote milimani, na mengi yameandikwa.

Baada ya uhuru ngoma ndiyo iliyotangulia kurudi hadharani. Wachuka, wakiwa wamebana magoma marefu katikati ya mapaja na kuinama nayo huku wakipiga, walikuja kuwa sura inayotambulika ya sikukuu za taifa. Waliolalamika kwamba ngoma ya tohara imegeuzwa burudani ya wakubwa walikuwa na hoja. Hata hivyo, H. S. K. Mwaniki, mwana wa Embu, alikuwa tayari kazini akihakikisha kwamba kilichochezwa uwanjani kinajulikana kilikotoka. Alikusanya masimulizi ya wazee akatoa The Living History of Embu and Mbeere mwaka 1973, Embu Historical Texts mwaka uliofuata, kisha mwaka 1986 kitabu kinachopanga nyimbo na ngoma za Waembu kwa makundi. Katika Embu Historical Texts wazee wanasema wenyewe, na mwandishi anajizuia kuwasemea. Sijui kazi nyingine ya eneo hili inayostahili zaidi kuwa rafuni katika kila shule kati ya Runyenjes na Maua.

Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere vinadai makala yao. Itoshe kusema kwamba kitita cha miraa kilipelekwa kwa heshima penye posa na penye shauri la wazee muda mrefu kabla Uingereza haijakipiga marufuku, Juni 2014, na kabla magavana wa pwani hawajaukataza muguka, Mei 2024.

Mwezi Mei 2014, wiki chache kabla ya marufuku hiyo ya London, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu Embu, Kitui, Kiambu na kwingineko. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010 ilikuwa na umri wa miaka minne. Sisemi kwamba kibuyu cha asali kingewaokoa waliokufa. Nasema kwamba walikunywa peke yao, kwa chupa, bila mzee wa kumimina, na kuondolewa kwa mzee huyo kuna tarehe na kuna waliokuamua.

Wapo watakaoniuliza: kama kila karamu ya zamani inastahili kutetewa, je, ya kukeketa wasichana? Aprili 1956 Njuri Ncheke, kwa msukumo wa serikali, lilipiga marufuku ukeketaji Meru. Wasichana wengi walikaidi, wakaenda porini na nyembe na kujikata wenyewe; waliitwa Ngaitana. Lynn Thomas ameeleza kisa hicho kwa makini, na kuonyesha kwamba katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa. Wasichana hao waliojikata hawakuwa na shangazi wa kuwafunza, wala ngoma, wala chakula cha kuwapokea. Marufuku iliondoa karamu ikauacha wembe.

Agosti 1996, huko Gatunga, Tharaka, familia zipatazo 30, zikisaidiwa na mashirika ya Maendeleo ya Wanawake na PATH, zilifanya kinyume chake. Waliiita Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Katika likizo ya shule wasichana waliwekwa ndani kwa wiki moja, wakafundishwa na wanawake wakubwa habari za mwili, za heshima na za utu uzima, bila mtu kukatwa. Siku ya mwisho walitoka hadharani, wakapokewa kwa zawadi, nyimbo, ngoma na chakula, kama msichana wa Tharaka alivyostahili kupokewa mwezi wa mavuno.