Usiku baiskeli ilipopita Tanga vitani

Novemba ikifika, huja Tanga wageni wawili watatu wenye kamera wakiulizia makaburi ya vita vya 1914. Hupelekwa makaburini, huonyeshwa reli na ufukwe wa Raskazone, husimuliwa habari ya nyuki waliowashambulia askari wa Kihindi na Waingereza, kisha hao wakaenda zao. Wakati wanapiga picha, baiskeli zinawapita: mwanafunzi aliyempakia mdogo wake kwenye keria, mama aliyebana pindo la baibui kwa pini lisinaswe na cheni, muuza samaki anayetoka soko la samaki la Deep Sea na tenga linalovuja maji ya barafu njia nzima. Hakuna anayemwambia mgeni kwamba hata kile kisa cha vita alichokuja kukitafuta kinaanza na watu watatu juu ya baiskeli.

Mimi mwenyewe sikukijua hadi nilipokisoma katika kumbukumbu za Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani Afrika Mashariki, kitabu kilichotoka mwaka 1920. Ni aya chache tu, lakini kwa mtu aliyezaliwa Tanga na kujifunza baiskeli Tanga, hazisomeki mara moja zikaisha.

Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, HMS Fox, ilifika mbele ya bandari na kudai mji usalimishwe. Nyuma yake zilikuwapo meli 14 zilizobeba askari karibu 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Wajerumani na askari wao Waafrika, hata walipokusanyika wote, walikuwa kama 1,000 tu, na wengi walikuwa bado Moshi wakiletwa kwa treni, kikosi baada ya kikosi. Waingereza wakashusha watu Raskazone. Tarehe 3 wakasogea kuelekea mjini, wakarudishwa nyuma. Jioni hiyo mji ukaachwa mtupu, kila mwenye miguu amekimbia.

Lettow-Vorbeck alishuka kwenye treni usiku wa manane, kilomita sita kabla ya kufika mjini. Maofisa waliokuwapo hawakuwa na uhakika adui yuko wapi. Wengine waliamini mji umekwishatekwa. Badala ya kutuma mtu, yeye mwenyewe akapanda baiskeli, pamoja na Kapteni von Hammerstein na mjitoleaji mmoja aliyeitwa Dakta Lessel, wakaingia mjini.

Stesheni walikuta kituo kidogo cha askari wao, ambao nao hawakuwa na la kuwaambia. Wakaendelea. Mbalamwezi ilikuwa kali, na kuta nyeupe za nyumba za Wazungu zilirudisha mwanga barabarani, mji wote kimya. Mkaazi wa Tanga anaweza kuusikia ukimya huo: magurudumu sita juu ya vumbi, cheni zikilia, basi. Walipofika bandarini waliziona meli hapo mbele, karibu kabisa, taa zote zinawaka na kelele zimejaa, watu wakijiandaa kushuka. Kamanda akajuta kwamba mizinga yake miwili ya zamani ilikuwa haijafika, maana kwa umbali ule isingekosa kitu.

Hawakuishia hapo. Walipiga pedeli hadi Raskazone, wakaziacha baiskeli kwenye hospitali ya serikali ya Wajerumani, wakatembea kwa miguu hadi ufukweni, ambako manowari ilikuwa imetia nanga mbele ya macho yao. Wakati wa kurudi, pale pale hospitalini, mlinzi aliyekuwa gizani aliwapigia kelele kwa lugha wasiyoielewa. Yaelekea alikuwa askari wa Kihindi. Walipanda baiskeli zao wakaondoka. Kulipoanza kupambazuka, wakasikia upande wao wa kushoto risasi za kwanza.

Kilichofuata kimeandikwa sana. Tarehe 4 kulikuwa na mapigano makali, nyuki wakachokozwa na risasi wakauma pande zote mbili, na tarehe 5 Waingereza wakarudi melini wakiacha nyuma bunduki na risasi tele. Von Hammerstein hakuuona mwaka ukizunguka: mnamo Januari 1915 alijeruhiwa katika mapigano ya Jasini, karibu na mpaka wa Kenya, akafa. Wenyeji waliobebeshwa mizigo ya vita hivyo hadi 1918 wengi wao hawana hata kaburi lenye jina, na hilo linadai makala yake peke yake.

Nakishikilia kisa hiki kwa sababu ya njia waliyopita. Stesheni, bandarini, hospitali, Raskazone: ndiyo njia ileile watu wa Tanga wanayopita kwa baiskeli hadi leo. Jengo la zamani la hospitali ya Kijerumani lingalipo kando ya bahari, limechakaa, na jirani yake ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Mtu akigongwa Tanga, huko ndiko anakopelekwa.

Baiskeli za mwanzo zilikuwa za mabwana: maofisa, wamisionari, makarani wa bandari na reli. Hilo halikudumu. Mwaka 1893, mwaka uleule reli ilipoanza kujengwa kutoka Tanga, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyopona safarini, ikapandwa upande wa Pangani. Mkonge ukaota, ukaenea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mshahara wa mkonge, wa gati na wa karakana ya reli ndio ulionunua Raleigh na Phoenix za Tanga. Mji wenyewe ulikuwa umekwishatandikwa tayari kwa baiskeli bila mtu kukusudia: ardhi ya tambarare, mitaa iliyonyooka, na ng'ambo ya reli Ngamiani yenye barabara za namba, ambako mtu akikwambia anakaa Barabara ya Kumi na Mbili humpotezi.

Fundi baiskeli mmoja wa Ngamiani alinieleza yaliyofuata. Kibanda chake ni mwarobaini, benchi na beseni la maji. Nilimwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu bila kuinua kichwa, maana alikuwa na tyubu mikononi. Aliizamisha kwenye maji kidogo kidogo, akaizungusha mpaka viputo vikatokea, akaweka alama kwa kijiti. Akaikausha kwa shati lake, akapiga msasa, akapaka solusheni na kuipuliza, kisha akabandika kiraka alichokikata kwenye tyubu nyingine iliyokufa. Kazi ya dakika kumi. Ameifanya tangu ujana wake.

Kwa kumbukumbu yake, zamani baiskeli ilikuwa chombo chenye sheria. Halmashauri zilitoza ada ya leseni na mwenye baiskeli akapewa kibati cha kufunga kwenye fremu. Usiku bila taa, polisi anakushusha. Bila kengele, anakushusha. Watu waliichukia ada hiyo, na ilistahili kuchukiwa kwa sababu ilimtoza maskini kwa kujisafirisha, lakini mzee ana hoja moja ambayo sikuweza kuijibu: aliyekutoza alikuwa amekuhesabu. Alijua uko barabarani. Leo hakuna kibati wala ada, na hakuna anayejua Tanga ina baiskeli ngapi. Kitu kisichohesabiwa hakitengewi nafasi kwenye ramani ya barabara.

Miaka ya baiskeli za Swala, zilizotengenezwa hapa nchini na shirika la umma, mzee huizungumza kwa fahari. Kisha ukaja ukame wa vipuri mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati tairi moja lilivaliwa mpaka nyuzi zikaonekana na watu wakalijaza vitambaa badala ya tyubu. Mkonge nao ulikuwa umeanguka, mashamba yakawa mapori, na mfanyakazi aliyekosa nauli akarudi kwenye baiskeli ya baba yake. Baiskeli ndiyo iliyoibeba Tanga katika miaka ile.

Halafu mzee akanionyesha jambo ambalo halimo katika kitabu chochote. Nyuma ya mwarobaini kuna rundo la rimu. Za zamani, zilizo chini, zimeliwa na kutu na chumvi ya bahari, lakini ni duara. Za juu, za miaka hii, zimepinda kama namba nane, na karibu zote ni za nyuma. Rimu ya mbele hupinda mtu akiingia shimoni. Rimu ya nyuma hupinda namna ile mtu akigongwa kwa nyuma na chombo kilichokuwa kinakwenda kasi kuliko yeye. Rundo lile ndiyo takwimu niliyoikuta.

Miaka ya karibuni inaelezeka kwa maneno machache. Kuanzia mwishoni mwa muongo wa 2000 zilikuja pikipiki za bei nafuu, zikawa bodaboda, bajaji zikafuata. Barabara za mitaa zimetiwa lami, nyingine kwa fedha za mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na lami nzuri imeleta mwendo mkali. Bandari imechimbwa na kupanuliwa ili meli zifunge gatini badala ya kupakulia katikati ya maji, na Tanga nzima tuliifurahia habari hiyo. Lakini shehena inayoshuka gatini hutoka mjini kwa lori.

Anayepanda baiskeli amebaki na bega la barabara, ule ukanda mwembamba kati ya lami na mtaro. Asubuhi niliyotoka kwa fundi nililifuata bega hilo kuelekea bandarini. Kwanza nilikuta bajaji imeegeshwa, nikatoka barabarani kuizunguka. Nikarudi. Mbele palikuwa na rundo la mchanga wa ujenzi, nikatoka tena. Kisha bodaboda watatu waliosubiri abiria. Kila nilipotoka nililazimika kugeuza shingo nione kinachokuja nyuma, na kila ninapogeuza shingo baiskeli inayumba kuelekea katikati. Mtu mzima mwenye mikono miwili anaweza. Msichana wa darasa la nne aliyempakia mdogo wake, au mchuuzi mwenye tenga zito kwenye keria, hana uwezo huo. Sheria inaruhusu gari kwenda kilomita 50 kwa saa ndani ya mji, na kwa mwendo huo anayegongwa ana nafasi ndogo zaidi ya kupona kuliko kama angegongwa kwa 30.

Hatuwezi kusema hatukufundishwa. Miaka ya 1990 Tanzania, pamoja na Kenya, ilifanya majaribio ya barabara za waenda kwa miguu na baiskeli: Temeke na Morogoro huku kwetu, Nairobi na Eldoret kule kwao. Vivuko viliinuliwa ili gari lipunguze mwendo lenyewe, nguzo fupi zikachimbiwa kuzuia magari yasipande njia ya watu. Mwaka 2001 Marius de Langen na Rustica Tembele wakayaandika katika kitabu cha mwongozo kwa miji ya Afrika. Dar es Salaam baadaye ikajenga njia za baiskeli kandokando ya barabara ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kutoa huduma tarehe 10 Mei 2016. Anayepita Barabara ya Morogoro jijini humo leo anaona pikipiki na meza za biashara ndani ya njia hizo. Kosa hilo Tanga tunaweza kuliepuka mapema, kwa kujenga ukingo wa zege ambao pikipiki haiwezi kuupanda, kwa sababu rangi iliyopakwa chini haimzuii mtu.

Najua wanaosema baiskeli ni umaskini na kwamba mji unaokua huipita. Sikubaliani nao hata kidogo. Tanga wanapanda baiskeli walimu, wavuvi na mafundi, wake kwa waume, na wanawake wa mji huu wamepanda bila kuonewa haya katika nchi ambamo sehemu nyingi bado mwanamke juu ya baiskeli hugeuziwa macho. Huo ni ustaarabu wa Tanga, na unalindwa kwa fedha na saruji.

Barabara za mijini ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, na barabara kuu ziko chini ya wakala mwingine, TANROADS. Kwa hiyo diwani wako anaweza kukwambia si kazi yake. Usikubali akuage hivyo. Bajeti za halmashauri hujadiliwa mapema mwaka, kabla ya Bunge la bajeti kukaa, na vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nenda, uombe njia moja tu kwanza, yenye ukingo: kutoka stesheni, kupita bandarini, hadi lango la Bombo. Na kabla ya hapo, uombe baiskeli zinazopita hapo zihesabiwe.