Kamusi ya Kihistoria ya Doha

Kamusi ya lugha ya Kiarabu iliyoanzishwa mwaka 2013 mjini Doha, Qatar, chini ya Kituo cha Kiarabu cha Utafiti na Mafunzo ya Sera. Sehemu yake ya kwanza, inayofikia mwaka wa 200 Hijria, ilifunguliwa mtandaoni Desemba 2018. Kila neno huandikiwa wasifu wake: mzizi, ushahidi wa matumizi yake ya kale, mwaka wa ushahidi huo, na jinsi maana ilivyogeuka baadaye. Maandishi ya kuchongwa maweni nayo huhesabiwa.

Kwa Mswahili, faida ya elimu hii ya asili za maneno haiishii kwenye Kiarabu. Anayejua kwamba kitabu, maktaba na katiba ni watoto wa mzizi mmoja tayari ameshika ufunguo. Kilatini nacho kimo katika maneno yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu, ingawa wengi hawakitazamii. Dinari ni denarius, sarafu ya fedha ya Warumi. Kasri kwa kawaida hurudishwa kwenye castrum, ngome. Na katika ukoo huohuo Kiingereza kilipata castle. Sirati, njia anayoiomba Mwislamu katika kila sala, wanaisimu wengi huiunganisha na strata, barabara iliyosakafiwa, ambayo kwa Waingereza imekuwa street. Hivyo mwanafunzi wa Kiingereza kutoka Mombasa au Unguja hukutana na jamaa wa maneno aliyoyazoea tangu chuoni, ila wamevaa nguo nyingine.