Masurufu Yaliyoleta Vita: Habari za Pemikani

Wasafiri wa zamani wa nchi zetu walijua vema ya kuwa masurufu ni nusu ya safari. Pagazi aliyefika kambini jioni hakupumzika papo hapo. Ilimpasa kwanza kutafuta kuni na maji, kuinjika chungu, na kungoja. Palipokosekana maji au kuni, unga uliokuwamo mzigoni haukumfaa kitu. Leo twataka kueleza habari za watu wa nchi ya mbali waliotengeneza chakula cha njiani kilicholiwa bila ya kupikwa. Tutaona jinsi chakula hicho kilivyofungua njia ndefu, kisha kikaleta vita.

Katika mbuga za magharibi ya Kanada, Wakri na makabila mengine waliwinda nyati wa huko, wanyama wakubwa wenye nundu na manyoya mengi. Wanawake waliikata nyama vipande vyembamba, wakaikausha juani au juu ya moto mdogo, wakaitwanga kwa mawe hata ikawa kama nyuzi. Kisha waliyeyusha mafuta ya mnyama yule yule, wakayachanganya na nyama, na pengine wakatia matunda madogo ya porini yaliyokaushwa. Yote yalishindiliwa katika mfuko wa ngozi ya nyati, ukashonwa. Mfuko mmoja ulikuwa na uzito wa ratili 90 hivi, yaani karibu kilo 41. Chakula hiki ndicho pemikani, na jina lake latokana na neno la Kikri lenye maana ya mafuta. Kazi ya moto ilikwisha nyumbani. Njiani mtu alikata kipande akala.

Mwenye kusoma habari hizi ataka kujua kwa nini hakikuoza. Nyama mbichi huoza upesi kwa sababu ina maji mengi, na vijidudu vya uozo haviwezi kuzaana pasipo maji. Watu wa pwani yetu wakaushao papa na ng'onda waijua hekima hiyo. Wakri waliongeza ya pili: mafuta yalizifunika nyuzi za nyama, yakazuia hewa na unyevu. Tena nyama hujenga mwili, na mafuta huupa joto na nguvu. Mtu alaye nyama kavu tu, isiyo na mafuta, siku nyingi mfululizo, hudhoofika hata kama ameshiba. Kwa hiyo katika mzigo mdogo msafiri alichukua chakula kamili cha siku nyingi.

Wazungu wafanya biashara ya ngozi za manyoya waliitambua faida hiyo. Watu wa North West Company walisafiri kwa mitumbwi ya magome ya mti kutoka Montreal mpaka ziwa Athabasca, mwendo wa maili elfu kadha wa kadha. Mito ya kaskazini huganda kwa barafu sehemu kubwa ya mwaka, basi siku za safari zilikuwa za kuhesabu. Kama wangalisimama kila siku kuwinda na kupika, barafu ingaliwakuta njiani. Ndipo wakanunua pemikani na kuiweka katika vituo vyao. Mwaka 1793 Alexander Mackenzie alivuka milima mpaka bahari ya Pasifiki, naye alifukia pemikani njiani ili aikute wakati wa kurudi. Akiba haiozi.

Lakini kitu wanachokihitaji wote hugombewa na wote. Mwaka 1811 Hudson's Bay Company, washindani wa North West Company, walimpa Lord Selkirk nchi kubwa kando ya Red River, na mwaka 1812 wakaanza kufika huko walowezi kutoka Uskoti na Ireland, wakapatwa na njaa. Tarehe 8 Januari 1814 gavana wao, Miles Macdonell, alipiga marufuku kutoa vyakula katika nchi ile kwa muda wa mwaka mmoja, ila kwa ruhusa yake. Kwake yeye, alikuwa akiwalinda wenye njaa. Kwa North West Company, ilikuwa kama kufungiwa njia. Na kwa Métis, yaani watoto wa mama wenyeji na baba wa Kizungu, waliotengeneza na kuuza pemikani, ilikuwa kunyang'anywa riziki katika nchi ya mama zao.

Pemikani ikakamatwa, uadui ukazidi. Tarehe 19 Juni 1816 Métis walioongozwa na Cuthbert Grant walikuwa wakipeleka pemikani kwa watu wa mitumbwi. Mahali paitwapo Seven Oaks walikutana na gavana mpya, Robert Semple, pamoja na watu wake. Maneno yakawa makali, bunduki zikalia, na gavana akafa pamoja na watu wake 20. Mwaka 1821 kampani zile mbili ziliunganishwa kuwa moja.

Biashara ya pemikani haikukoma. Mwaka 1840 msafara mmoja wa Métis ulitoka Red River kwenda kuwinda, wenye watu 1,630 na magari 1,210. Lakini nyati waliwindwa pande zote, na wengi sana waliuawa kwa ajili ya ngozi tu. Ilipofika miaka ya 1880 walikuwa karibu kwisha, na wenyeji waliolisha misafara ya wengine karibu miaka mia walikufa njaa katika mbuga zao wenyewe.

Hekima ya kukausha na kuhifadhi haikupotea. Kilichopotea ni mnyama aliyeitegemeza, na pamoja naye uwezo wa watu wale kujilisha bila kumwomba mtu. Basi tuhesabupo akiba iliyo ghalani, na tuhesabu pia itokako.