Mikwaruzo ya Metropolis

Rafiki yangu mmoja kila akija kwangu huangalia rafu ya diski na kucheka. “Wewe jamaa, picha zenyewe hazina hata sauti. Umezinunua za nini?”

Swali lake ni la haki. Diski moja ya Blu-ray ya sinema bubu, ukijumlisha na gharama za posta, ni chakula cha siku kadhaa. Tena ukikosea toleo umeliwa: waliobuni Blu-ray waliigawa dunia kwa kanda, Marekani ikawekwa A, sisi Afrika pamoja na Ulaya tukawekwa B. Diski yangu ya kwanza kutoka Marekani mashine iliigomea kabisa. Na nyingi ya picha hizi ziko bure mtandaoni. Kwa hiyo nimjibu, maana jibu lenyewe ni kisa kirefu.

Kinaanzia Berlin, tarehe 10 Januari 1927, Metropolis ya Fritz Lang ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza. Ilizidi saa mbili na nusu. Paramount, waliokuwa na haki ya kuisambaza Marekani, waliona ndefu mno wakaikata. Ufa, kampuni iliyoitengeneza na kutumia mamilioni juu yake, nayo ikaikata baadaye. Karibu robo ya picha ikapotea, na kwa miaka 80 watu waliisoma tu kwenye karatasi.

Kumbe kabla mikasi haijamaliza kazi, msambazaji mmoja wa Argentina aliyeitwa Adolfo Wilson alikuwa amepeleka nakala nzima Buenos Aires. Nakala ile ikaangukia mikononi mwa Manuel Peña Rodríguez, mhakiki wa sinema na mkusanyaji. Kutoka kwake ikaenda kwenye mfuko wa sanaa wa taifa, ikarudufiwa kwenye filamu ndogo ya milimita 16, na mwishowe ikafika makumbusho ya sinema ya mji huo. Mwaka 2008 Paula Félix-Didier na Fernando Peña waliifungua kopo. Ndani yake zilikuwamo takribani dakika 25 ambazo dunia ilikwisha zizika.

Toleo lililokarabatiwa lilionyeshwa Berlin Februari 2010, kisha likatoka kwenye Blu-ray. Ndilo ninalo. Sasa hapa ndipo ubora wa picha unapokuwa na maana. Sehemu zilizotoka kwenye kanda nzuri zinang’aa hadi unaona uzi wa nguo. Halafu ghafla mvua ya mikwaruzo inashuka, fremu inasinyaa, weusi unatanda pembeni: hapo umeingia Buenos Aires. Waliorudufu hawakuisafisha kanda kwanza, kwa hiyo uchafu na mikwaruzo ya miaka yote vilichapwa humo humo. Kwenye runinga kubwa hakuna pa kujificha. Unaona wazi ni kipande gani kilitunzwa na kipi kiliponea chupuchupu.

Na Metropolis ilikuwa na bahati. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu ndefu za bubu karibu 11,000 za nchi hiyo, asilimia 14 tu zimebaki katika umbo lake la awali. Filamu za naitreti zinawaka kama petroli. Moto wa ghala la Fox kule New Jersey mwaka 1937 uliteketeza nyingi. Nyingine hazikuungua kwa ajali. Sauti ilipoingia, picha bubu zilionekana mzigo, zikayeyushwa wapate fedha iliyomo kwenye kanda.

Hilo la mwisho naliongea kwa uchungu. Harusi ya dada yangu mwaka 1996 ilipigwa video, na ndiyo mahali pekee mama alipoonekana akitembea na kucheka. Kanda yetu ililiwa na ukungu kabatini. Baada ya msiba nilimtafuta mpiga video kwa ajili ya ile kanda mama. Akaniambia, bila ubaya wowote, kwamba alirekodi harusi ya watu wengine juu yake. Kanda zilikuwa ghali, na sisi tulikuwa tumeshalipa na kuondoka.

Walioyeyusha sinema nao walikuwa na hesabu kama hiyo. Kilichowashinda ni nakala iliyokuwa mbali, kwa mtu asiyekuwa na sababu ya kuitupa. Ya mtandaoni mwenye mtandao anaweza kuiondoa usiku mmoja. Ya rafuni kwangu itabidi aje abishe hodi.

Mwezi uliopita yule rafiki aliiazima Metropolis akaitazame kwenye PlayStation ya mwanawe. Hajairudisha, na nikimpigia anataka tuongelee yule mwanamke wa chuma. Simdai kwanza. Nimeshaagiza nyingine.