Kaseti ya Remmy

Tulipovuka Ziwa Tanganyika 1996, baba alibeba kaseti tatu. Mbili za Franco, hizo zilikuwa za wakubwa. Ya tatu Remmy Ongala, Songs for the Poor Man ya 1989, kopi ya kurekodiwa tu. Remmy mtoto wa Kindu, aliingia Dar es Salaam 1978 kupiga na Orchestra Makassy, halafu akaongoza Super Matimila.

Hapa Nyarugusu, sokoni, wenyeji walicheka Kiswahili changu cha Uvira. Basi nilinunua chumvi kwa kuonyesha kidole! Lakini Remmy naye Mkongo, akaimba Kiswahili mpaka Watanzania wakamwita Dokta. Nikaanza kuongea.

Kaseti ilishakatika, tuliiunga kwa selotepu. “Muziki Asili Yake Wapi” unaruka katikati. Sipendi kuusikia mzima.